Je, Gari Likipewa Pua Kubwa Litakwenda Mbio Zaidi?

Msomaji mpenzi, vijiji vyetu vimepata magari. Zamani motokaa ilikuwa ya Padre, ya daktari wa misheni, na ya tajiri mwenye duka. Leo utamkuta mkulima wa kawaida ana Noah yake ipelekayo abiria mnadani, au ndugu watatu wamechanga fedha wakanunua pikapu moja kuukuu ya kubebea mahindi. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini pamoja na magari yamekuja pia maneno ya watu wa magari, na si maneno yote yafaayo kusadikiwa.

Neno moja linalovuma ni hili: kwamba ukiondoa lile sanduku jeusi la eya klina lililotiwa na kiwanda, na mahali pake ukafunga bomba linalong'aa pamoja na chujio la wazi lenye umbo la pia, basi gari litapata nguvu nyingi na tena litakula mafuta kidogo. Vitu hivyo vyauzwa katika maduka ya spea mijini, na vijana huviona katika simu zao wakavitamani. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya chujio la kawaida. Ndipo baba wa nyumba aombwapo fedha ambayo pengine ilikuwa ya ada ya shule au ya mbolea. Je, aitoe au asiitoe? Tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

INJINI HUPUMUA

Kila mama ajua ya kuwa moto wa jikoni hauwaki bila hewa. Ukiziba mafiga, moto huzimia ukatoa moshi. Ukiupuliza, hupata nguvu. Injini nayo ni hivyo hivyo. Petroli peke yake haifanyi kazi. Hapana budi ichanganyike na hewa ndani ya silinda, ndipo iwake na kuisukuma pistoni.

Na hewa itakiwayo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kila kilo moja ya petroli, injini yataka karibu kilo 15 za hewa. Kwa kuwa hewa ni nyepesi sana, lita moja tu ya petroli hutumia lita 9,000 hivi za hewa. Injini ya lita 2, ikipanda mlima kwa nguvu zake zote na kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, hupata kuvuta karibu lita 3,000 za hewa kila dakika. Kama ingeendelea hivyo saa nzima, ingemaliza hewa yote ya kanisa la kigango lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.

Basi wauzaji hawa hawakuanza na uongo. Ni kweli kabisa kwamba hewa nyingi pamoja na mafuta mengi huleta nguvu nyingi. Watu wa mashindano ya mbio walilijua jambo hili tangu zamani. Huko California, Marekani, kampuni ya K&N, iliyoanza mwaka 1969, ilijulikana kwa machujio ya pamba yanayopakwa oili, ambayo huweza kuoshwa na kutumika tena. Machujio ya namna hiyo yalipendwa sana na wenye pikipiki na magari ya mbio.

Lakini tukumbuke gari la mbio ni la namna gani. Dereva wake hukanyaga mafuta mpaka chini karibu wakati wote. Injini yake imebadilishwa kila mahali, si puani tu. Tena fundi huifumua mara kwa mara akatia vipya vilivyolika. Mwenye gari la mbio ataka ashinde Jumapili hii. Wewe wataka gari likuvushe miaka kumi. Je, haja zenu ni moja?

HESABU YA NGUVU

Sasa tuulize: lile sanduku la kiwandani lazuia hewa kiasi gani? Katika gari la kawaida, chujio likiwa safi na injini ikivuta kwa nguvu zote, kizuizi cha njia nzima ya hewa kwa kawaida ni kama sehemu 1 hadi 3 tu katika mia ya mkandamizo wa hewa. Maana yake ni kwamba hata ukitupa chujio na sanduku lake, ukaiacha injini ivute hewa kwa mdomo wazi, faida yako itakuwa katika kipimo hicho hicho kidogo. Gari lenye nguvu za farasi 100 litapata farasi wachache tu. Huwezi kukamua maziwa yasiyokuwamo kiweleni.

Tena farasi hao wachache hawaji kila wakati. Katika gari la petroli, ndani ya bomba la hewa mna kilango kidogo. Ukikanyaga mafuta, kilango hufunguka, ukiachia, hujifunga. Dereva aendaye mwendo wa kawaida huwa amekifungua sehemu tu, na kilango hicho chenyewe huzuia hewa kushinda chujio. Sasa kupanua pua hali kilango kimefungwa nusu kwafaa nini? Ni kama kupanua lango la nje la boma, na mlango wa zizi umeuacha mwembamba vile vile. Mbuzi watapita kwa kipimo cha mlango ule mwembamba.

Magari ya dizeli yana desturi nyingine. Mengi hayazuii hewa kwa kilango. Nguvu yake hupimwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, hupati nguvu ya maana. Nayo yenye tabo yamekwisha pata mashine ya kushindilia hewa kwa nguvu, na kipimo chake kimewekwa na kiwanda.

Na habari ya kupunguza mafuta je? Jambo hili lilipimwa. Mwaka 2009 wataalamu wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, huko Tennessee, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya machujio yaliyoziba. Waliona kwamba katika magari ya petroli ya siku hizi, yenye kompyuta ya kupima mafuta, kubadili chujio lililoziba hakukupunguza ulaji wa mafuta. Kompyuta huona hewa imepungua, nayo hupunguza mafuta. Ila nguvu ya kuongeza mwendo ndiyo ilipata nafuu, kama sehemu 6 hadi 11 katika mia. Katika magari ya zamani yenye kabureta, kubadili chujio kwaweza pia kuokoa mafuta, sehemu 2 hadi 6 katika mia.

Pima maneno hayo vizuri. Ikiwa hata chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa mafuta katika gari la kisasa, itakuwaje kutoka chujio safi la kawaida kwenda chujio safi la bei kubwa kukuokolee petroli?

HEWA YA MOTO

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji halisemi. Hewa ikipata moto hutanuka, ikawa nyepesi. Hewa ya joto la digrii 50 ina uzito pungufu kwa karibu sehemu 9 katika mia kuliko hewa ya digrii 20. Injini ikivuta hewa nyepesi hupata nguvu kidogo.

Ndiyo sababu viwanda vingi huweka mdomo wa bomba la hewa mbele, nyuma ya taa au ndani ya bawa la gari, ili injini ivute hewa ya nje iliyo baridi. Sasa fundi akiondoa bomba hilo na kufunga chujio la wazi chini ya boneti, karibu na rejeta na bomba la moshi, injini itavuta hewa yake yenyewe ya moto. Gari likipanda mlima polepole na mzigo mkubwa, joto la chini ya boneti huwa kali, na hapo ndipo ulipohitaji nguvu. Umelipa fedha kwa faida ya sehemu 2 katika mia, ukapoteza zaidi ya hizo kwa joto. Yapo mabomba mengine yaliyoundwa vizuri, yanayoleta hewa ya nje. Hayo hayana hasara hiyo. Lakini faida yake bado ni ile ile ndogo.

Na wale wanaokaa milimani wajue jambo moja. Kila upandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa hupungua kwa sehemu kama 10 hadi 12 katika mia. Gari lisilo na tabo likitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mji ulio juu ya mita 1,600, hupoteza zaidi ya moja ya sita ya hewa yake. Hakuna chujio liwezalo kuirudisha hewa hiyo. Usimlaumu fundi, wala usinunue bomba. Badili gia, punguza mzigo, nawe utafika.

KWA NINI BASI WATU HUSEMA WAMEONA NGUVU?

Wapo madereva watakaoapa kwamba gari lao limebadilika. Hatusemi kuwa ni waongo. Sababu zao ni mbili.

Ya kwanza ni sauti. Sanduku la kiwandani halichuji tu. Lanyamazisha pia mvumo wa hewa. Ukiliondoa, injini hunguruma kila ukanyagapo mafuta, na sikio huwaambia moyo, "Tunakwenda mbio!" Mshale wa mwendo ndio usemao kweli.

Ya pili ni usafi. Mara nyingi mtu hufunga chujio jipya la bei kubwa wakati lile la zamani lilikuwa limejaa vumbi la miaka miwili. Kwa kweli gari hupata nafuu, kama tulivyoona katika majaribio ya Oak Ridge. Lakini nafuu hiyo ni ya usafi, si ya bomba linalong'aa. Chujio jipya la kawaida lingempa hiyo hiyo kwa fedha kidogo.

ADUI NI VUMBI

Haya yote yangekuwa hasara ya fedha tu, kama tungekaa penye lami. Lakini sisi twakaa penye vumbi, na hapa ndipo shauri hili linapokuwa zito.

Vumbi la barabara lina chembe za mchanga zilizo ngumu kushinda chuma cha kawaida. Zikipita chujio, huingia kati ya pistoni na silinda, zikasaga kama tupa. Ringi hulika, oili hupanda na kuungua, moshi wa buluu hutoka nyuma, na gari la dizeli hukataa kuwaka asubuhi ya baridi. Jambo hili halionekani kwa siku moja. Mwenye gari hufurahia sauti mpya msimu mmoja, na msimu unaofuata aambiwa na fundi, "Mzee, injini hii lazima ifumuliwe." Fedha ya kufumua injini waijua.

Chujio zuri la karatasi, likipimwa kwa vumbi la majaribio, huzuia zaidi ya chembe 99 katika kila 100. Hata vumbi hilo la kupimia lina historia yake, maana tangu zamani lilichukuliwa katika jangwa la Arizona, Marekani. Sasa tuseme chujio jingine, lililofanywa wazi zaidi ili hewa ipite upesi, lazuia chembe 97. Utasema, "Tofauti ya 2 tu, si neno." Lakini geuza hesabu. La kwanza limepitisha chembe 1, la pili limepitisha 3. Injini ya pili imekula vumbi mara tatu! Tena vitu vingi vya bei rahisi vinavyouzwa kwa jina la mbio havikupimwa hata kidogo.

Na mara nyingi hatari haiko katika chujio lenyewe bali katika maungio. Bomba jipya hufungwa kwa vibano, na barabara zetu za makorongo hulegeza kila kibano. Ufa mdogo kama unene wa ukucha baada ya chujio huingiza vumbi lisilochujwa hata kidogo.

MAZUNGUMZO NYUMBANI

Tuseme kijana wako, dereva wa gari la nyumbani, amerudi jioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za njiani?"

"Nzuri, baba. Ila gari ni zito mlimani. Wenzangu wamefunga eya klina za mbio, nasi tukifunga litaruka."

Usimkaripie. Muulize kwa upole, "Lile chujio la sasa ulilitazama lini?" Kama atanyamaza, umekwisha pata jibu la uzito wa gari. Mwambie, "Kesho tufungue sanduku pamoja. Tukiona chujio safi, plagi nzima, matairi yamejaa upepo na breki hazishiki, na bado gari ni zito, tutazungumza tena." Kijana hataona ameshindwa, nawe hutakuwa umetupa fedha.

YAKUPASAYO KUFANYA

Kwanza, fungua sanduku la chujio mara kwa mara. Wakati wa kiangazi kila baada ya wiki moja au mbili, kwa kadiri ya vumbi.

Pili, chujio la karatasi usilioshe kwa maji wala kwa petroli, wala usilipigepige ukutani. Lipulize kwa upepo wa pampu usio na nguvu nyingi, kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Kisha liangalie kwa tochi. Ukiona mwanga unapenya mahali kama tundu la sindano, au limelowa oili, litupe ununue jingine.

Tatu, unaponunua, shika kwa mkono. Karatasi iwe imara, mpira wa ukingo uwe laini, na likae katika sanduku bila kuacha nafasi. Machujio ya bandia yapo mengi.

Nne, pitisha kidole ndani ya bomba lililo baada ya chujio. Likiwa na vumbi, kuna mahali panapovuja. Tafuta hapo kabla ya kuwasha gari.

Tano, usiendeshe kamwe bila chujio, hata kwa siku moja ya kwenda mjini kununua jingine.

Sita, usifuate gari jingine kwa karibu penye vumbi. Subiri lipungue. Hakuna chujio lishindalo uvumilivu.

Kama gari lako tayari lina chujio la pamba, fuata maagizo yake ya kuosha na kukausha, ulipake oili kidogo tu. Oili ikizidi huweza kuchafua kile chombo chenye waya mwembamba kinachopima hewa, na kompyuta ikapotoka.

Na lile bomba refu lipandalo ubavuni mwa kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, ambalo baadhi ya Land Cruiser huwa nalo, hilo ni jambo lingine. Halikufanywa kwa ajili ya mbio. Kazi yake ni kuvuta hewa ya juu, ambako vumbi ni kidogo, na kuizuia injini isinywe maji mtoni. Kwa barabara zetu lina maana, mradi maungio yake yasivuje. Wazee watakumbuka pia zile Land Rover za zamani zilizokuwa na bakuli la oili la kunasia vumbi. Wahandisi waliozifanya walijua kwamba katika nchi ya vumbi, kulinda injini huja kabla ya kuiongezea mwendo.

MALI YA WENGI

Msomaji mpenzi, gari la kijijini mara chache huwa la mtu mmoja. Hata likiandikwa jina lako, usiku mke wa jirani akishikwa na uchungu, ni wewe utakayegongewa mlango. Mgonjwa wa kigango atapakiwa humo, na maiti ya mzee itarudishwa nyumbani kwa gari hilo hilo. Injini iliyokufa kwa ajili ya vumbi haikuharibu fedha yako peke yako. Imewakosesha wote hao.

Wengi wetu tumempelekea Padre gari letu alibariki, na mbele ya dereva tumeweka picha ya Mtakatifu Kristofa. Tumefanya vema. Lakini baraka haifanyi kazi ya chujio, wala Mtakatifu hakutuondolea wajibu wa kutunza tulichopewa. Wakili mwaminifu hupimwa kwa vitu vidogo kama hivi visivyoonekana na watu, na chujio lililofichwa ndani ya sanduku ni kimoja chao.

Basi fedha ya pua kubwa iache mfukoni. Jumamosi hii, kabla ya kulipangusa gari kwa ajili ya Misa ya Jumapili, mwite kijana wako, fungueni vibano vya lile sanduku jeusi, mtazame ndani.